Mistari minne ya rezo, intaneti hakuna: nibadilishe kampuni, modemu au mashini?

Swali: Fundi, salamu toka Kadutu, hapa Bukavu. Nina birotiki ndogo, nachapa, nafotokopi, na wanafunzi wananiletea TFC zao, zile kazi za kumalizia masomo. Mashini yangu ni ya meza, Core i3 ya kizazi cha nne, RAM giga 4, diski giga 500. Niliinunua mwaka 2019 ikiwa imekwisha tumika. Siku hizi kufungua Word tu ni kusubiri mpaka mteja anaondoka. Intaneti naitoa kwenye simu yangu. Kuanzia saa moja ya usiku mistari ya rezo, mtandao wa simu, iko minne, imejaa, lakini hata imeili ya mteja haiendi. Mega nazo zinaisha sijui zimekwenda wapi. Jirani anasema kampuni yangu inaiba, nihamie ya kwake. Shemeji yangu wa Goma amenipatia laptopu Core i7 kwa dola 280. Mimi nina dola 300. Ninunue ile laptopu, nibadilishe kampuni, au ninunue modemu?

Jibu: Mama yangu, zile dola 300 kwanza zirudishe kwenye kitambaa ulikozifunga. Wiki hii usinunue kitu. Barua yako ina magonjwa matatu na wewe unatafutia yote kidonge kimoja. Ukinunua laptopu ya shemeji, saa moja ya usiku imeili bado haitaenda. Ukihamia kampuni ya jirani, Word bado itafunguka kama mlango wenye kutu. Tuyachukue moja moja.

Tuanze na jirani, maana ndiye anayekuchanganya zaidi. Bukavu imekaa juu ya vilima na rasi zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono, na kila kidole kina mnara wake au kinauona mnara wa mwenzake. Mtu wa Muhumba anaweza kushika mnara ulio ng'ambo ya maji bila kizuizi. Mtu wa bondeni Panzi amezibwa na mlima pande mbili. Kadutu penyewe, hatua thelathini juu au chini ya ngazi zinatosha kubadilisha mambo. Kwa hiyo jirani yako hasemi uongo, anasema ukweli wa dirisha lake. Watu huniuliza kila siku, Vodacom, Airtel au Orange, ipi bora? Kwa mji wa vilima kama huu sina jibu la mji mzima, na fundi akikupa jibu moja kwa Bagira, Nguba na Kadutu pamoja, mwulize kwanza yeye analala wapi.

Sasa ile mistari minne. Inapima kitu kimoja tu: nguvu ya sauti ya mnara inapofika kwenye simu yako. Fikiria bomba la maji la mtaa. Mistari inakuambia uko karibu na bomba. Haikuambii kuna ndoo ngapi mbele yako kwenye foleni. Mnara mmoja unagawa uwezo wake kwa simu zote zilizoushika, na saa moja hadi saa nne ya usiku watu wote wamerudi nyumbani, wanaangalia video, wanapiga simu za picha kwa ndugu walio nje. Unaweza kuwa na mistari yote na usipate tone.

Utajuaje kwamba ni foleni? Pima, na usipime kwa zile programu za kupima kasi kila dakika, maana zenyewe zinaweza kula makumi ya mega kwa jaribio moja. Fanya hivi. Kwenye mashini fungua dirisha jeusi la amri, andika ping 8.8.8.8 kisha uongeze -n 20, bonyeza Enter. Italeta mistari ishirini, kila mmoja na namba ya milisekunde, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Fanya mara tatu kwa siku: asubuhi ukifungua mlango, saa sita mchana, na saa mbili ya usiku, simu ikiwa mahali palepale. Namba zikiwa zimetulia mchana halafu usiku zinaruka kutoka mia moja kwenda mia tisa, na mistari mingine hairudi kabisa, hiyo ni foleni, na wala hujala hata mega moja. Zikiwa mbaya hata asubuhi, basi shida ni mahali simu ilipo.

Na mahali simu ilipo ni jambo ambalo watu hawalitazami. Birotiki nyingi za Kadutu ni za mabati, kuta na paa. Bati ni chuma, na chuma kinakataa mawimbi ya rezo. Mwaka jana niliitwa kwa baba mmoja aliyekuwa tayari kulipa modemu mpya. Simu yake ilikuwa ndani ya droo, droo ya chuma, ndani ya kibanda cha mabati. Niliingia kwenye mipangilio ya simu yake, sehemu ya taarifa za kadi ya SIM, mahali wanapoandika nguvu ya rezo kwa namba yenye alama ya kutoa mbele. Ilisoma -113. Niliipeleka simu juu ya fremu ya mbao ya dirisha: -96. Namba hiyo kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo inavyokuwa nzuri. Kwenye 4G, -85 ni raha, -110 na kuendelea ni taabu. Tofauti ya 17 inaonekana ndogo, lakini hesabu yake haiendi kwa kujumlisha: kila 10 ni mara kumi. Dirishani alikuwa anapata nguvu karibu mara hamsini ya ile ya kwenye droo. Modemu mpya hakununua. Mimi alinipa soda.

Kuna jambo lingine katika barua yako lililonifanya nitabasamu. Intaneti unaitoa kwenye simu ileile ambayo wateja wanakupigia. Leo jioni mwambie mtoto akupigie wakati umeunganisha mashini, nawe tazama juu ya kioo cha simu. Ile alama ya 4G ikigeuka H, 3G au E mara simu inapoita, umempata mwizi wa kwanza. Simu nyingi bado zinashuka kwenye rezo ya zamani ili zipokee sauti, na zikishuka, intaneti inashuka nazo au inasimama kabisa mpaka umalize kuongea. Na saa moja ya usiku ndiyo saa ambayo wateja wanapiga: «Mama, kazi yangu imekwisha?» Unajibu simu, imeili inakwama. Unakata, inaanza kutembea, mwingine anapiga.

Dawa ni kutenganisha. Simu ya kuongea iwe ya kuongea. Intaneti iwe na modemu ndogo ya 4G au simu ya zamani isiyojulikana namba yake na mtu, ikae dirishani, imechomekwa chaji. Ndani yake weka SIM ya kampuni nyingine tofauti na ya kwako, na kabla ya kulipa kifurushi cha mwezi, nunua cha siku moja na ufanye ile ping ya saa mbili ya usiku mezani kwako. Ikishinda, hamia. Ikishindwa, umepoteza pesa ya siku moja tu.

Usiku mwingine utapima na kukuta kila kampuni imelala. Hapo usihangaike na mipangilio. Intaneti ya huku kwetu mashariki inasafiri mbali, inavuka nchi jirani mpaka pwani ya bahari ya Hindi, halafu inaingia chini ya maji. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikalegea katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Siku kama hizo watu wananiletea modemu nzima kabisa eti nizitengeneze.

Na kwa wasomaji walio kandokando ya Ruzizi, ule mto wa mpakani (wewe wa Kadutu unaweza kuruka aya hii): simu yako usiiache ijichagulie kampuni. Mimi mwenyewe nililipa shule hiyo. Nilikaa saa mbili karibu na mpaka nikingoja mzigo, simu ikashika mnara wa ng'ambo bila kuniuliza, na unite zote za simu nilizoweka asubuhi zikaisha kwa bei ya ugenini. Ingia kwenye mipangilio ya rezo, zima kuchagua kwa otomatiki, chagua kampuni yako kwa mkono, na zima data za ugenini (roaming).

Tuje kwenye mega zinazoibwa. Sisemi kampuni ni malaika. Lakini kabla ya kwenda kugombana kaunta, fungua mipangilio ya Windows, sehemu ya mtandao, kuna ukurasa unaoonyesha kila programu imekula kiasi gani kwa siku 30. Nimefungua ukurasa huo kwenye mashini nyingi za birotiki, na jina linaloongoza mara nyingi ni la mfumo wenyewe. Sababu ni hii: mashini inapounganishwa na simu kwa Wi-Fi, inaweza kudhani iko kwenye nyumba yenye intaneti isiyokwisha. Haijui kwamba umenunua giga mbili kwa jasho. Basi inaanza kushusha masasisho, ya mfumo, ya kivinjari, ya antivirusi, na picha zako inazipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni. Sasisho moja kubwa la Windows linaweza kuzidi giga 3. Nenda kwenye jina la Wi-Fi ya simu yako, fungua sifa zake, washa ile alama inayosema koneksio hii inapimwa. Ni kubonyeza mara moja, na kwa wateja wangu wengi ugomvi na kampuni uliishia hapo.

Jirani pia huenda anachanganya mega na mega. Kampuni ikitangaza kasi ya «mega 8», hiyo ni megabiti kwa sekunde. Faili lako linapimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo mega 8 za tangazo, hata siku njema, ni mega 1 tu ya faili kila sekunde. TFC iliyoskaniwa yenye mega 60 inahitaji dakika nzima bila foleni. Na ukiskani karatasi ya maandishi, teremsha nukta kwa inchi (dpi) ziwe 150 au 200, weka rangi nyeusi na nyeupe. Utaona faili linavyosinyaa. Hapo umeongeza kasi bila kulipa.

Sasa mashini, na laptopu ya shemeji.

Neno «Core i7» ni kibandiko. Linauzwa sokoni kama vile watu wanavyouza kitenge kwa jina lililoandikwa pembeni. Cha kusoma ni namba inayofuata. Mwambie shemeji akutumie picha ya ukurasa wa taarifa za mashini, ule wa ndani, si ya kibandiko cha nje. Akikutumia, kwa mfano, i7-4600U, ile 4 ya mwanzo ni kizazi cha nne, cha mwaka 2013, na U inamaanisha imetengenezwa kwa kubana umeme. Ndani yake kuna viini viwili tu vya kufanya kazi. i3-1215U ya mwaka 2022 ina viini sita. Ndiyo, i3 inaiacha i7 mbali. Kwa hiyo i7 ya dola 280 inaweza kuwa umri sawa na mashini uliyo nayo, na ukishalipa utabaki na dola 20 na foleni ileile ya usiku. Kama ni ya kizazi cha nane au zaidi, hilo tutazungumza, kwa sababu kuanzia hapo ndipo Windows 11 inakubali kuingia rasmi, na Windows 10 ilisimamishiwa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashini haikuzimika siku hiyo. Ila kwa birotiki, ambako kila mwanafunzi anachomeka flashi iliyopita kwenye mashini kumi, acha antivirusi ya mfumo ikiwa imewashwa, na usiizime eti mashini iwe nyepesi.

Lakini mimi nadhani processa yako haina hatia. Fanya jaribio: washa mashini, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc, fungua Word, na utazame safu nne: processa, kumbukumbu, diski, mtandao. Nakisia utaona diski inakaa kwenye asilimia 100 huku processa ikiwa imekaa tu. Diski yako ya giga 500 ina sahani inayozunguka na mkono mdogo unaokimbia huku na huko kutafuta data. Kwa kazi ya vipande vidogovidogo vilivyotawanyika, na kufungua Word ni kazi ya namna hiyo, mkono ule unafika mahali kama mia moja kwa sekunde, hauwezi zaidi. SSD, diski ya kisasa ya chipu, haina mkono wala sahani. Ya kawaida kabisa inafanya maelfu mengi kwa sekunde ileile. Ndiyo maana ukiweka SSD kwenye mashini ya zamani watu wanadhani umewauzia nyingine.

Nunua ya giga 240, ile nyembamba ya inchi 2.5 yenye waya wa SATA. Usikubali anayekuuzia «tera 2» kwa bei ya kitenge. Kuna flashi na diski zilizodanganywa ndani ili zijitaje ukubwa zisionao. Zinapokea mafaili yote bila kulalamika, halafu ya mwisho yanafunguka matupu. Muuzaji akikataa uipime mbele yake, ondoka. Halafu ongeza RAM iwe giga 8. Mashini yako ya kizazi hicho karibu hakika inakula RAM ya aina ya DDR3. Nenda na kile kijiti cha zamani mkononi, kwa sababu DDR4 ina pengo lake mahali pengine na haitaingia hata ukiisukuma. Nimeona waliosukuma.

Hapa nipunguze mwendo, kwa sababu hukuuliza kuhusu umeme na ndio unaoua mashini za Kadutu kuliko uzee. Saa moja ya usiku, ile saa yako mbaya, kila nyumba imewasha resho ya kupikia. Taa zinakuwa nyekundu. Voltaji inashuka, umeme unakatika, halafu unarudi kwa kishindo. Diski inayozunguka ikikatiwa umeme katikati ya kuandika inajeruhika kidogo kidogo. Huenda sehemu ya uzito wa mashini yako imetoka hapo. Nunua onduleri, kile kisanduku cha batri kinachoshika mashini umeme ukikatika, ya 650 VA. Kwa mashini moja na kioo chake itakupa dakika kama kumi, za kuhifadhi kazi na kuzima kwa amani. Batri yake haidumu milele, hesabu miaka miwili au mitatu.

Kitu kimoja usifanye: usichomeke printa ya leza wala fotokopi kwenye onduleri. Ndani ya printa ya leza kuna kinu kinachopashwa moto ili wino wa unga ushike karatasi, na kila kinapowaka kinavuta mamia ya wati kwa mpigo. Onduleri ndogo italia na kuzima, au itaungua. Printa iende ukutani moja kwa moja.

Na radi. Mwaka 2016 wanasayansi walitangaza hesabu za miale iliyoonwa na satelaiti ya TRMM kati ya 1998 na 2013. Ya kwanza duniani ni Ziwa Maracaibo la Venezuela, miale 233 kwa kila kilomita mraba kwa mwaka. Ya pili, miale 205, wameiandika kwa jina la Kabare. Kabare hii ya kwetu, jirani na Bukavu. Kwa hiyo wingu likijikusanya upande ule, chomoa: mashini, printa, modemu, na waya wa antena kama unao. Kubonyeza swichi ya kamba ya umeme hakutoshi, radi imeshavuka kilomita za hewa, haitashindwa na milimita za swichi. Ukigusa chuma cha mashini na unahisi kama sisimizi wanatembea kwenye vidole, tundu lako la umeme halina waya wa ardhini. Mwite fundi umeme. Hiyo si kazi ya fundi kompyuta.

Nyuma ya mashini, karibu na waya wa umeme, kama unaona kitufe chekundu kilichoandikwa 115 na 230, kibaki kwenye 230. Kijana wangu wa mafunzo alikipeleka upande wa pili ili tu aone. Tulisikia mlio mmoja, na harufu ilikaa kwenye karakana mpaka Jumapili.

Kwa hesabu yangu, SSD, kijiti cha RAM, onduleri na modemu ndogo, ukibishana vizuri pale soko la Nyawera, havitafika dola 200. Anza na SSD na onduleri. Modemu ingoje majibu ya ping ya siku tatu. Shemeji mwambie asante, na akipata ya kizazi cha nane akuite tena.

Ile diski ya zamani fundi asiondoke nayo. Ina vitambulisho vya watu ulivyoskani tangu 2019. Mwambie aiweke kwenye kikasha cha USB, na kila Jumamosi jioni nakili humo kazi zote za juma, kisha uichomoe na kuifungia kabatini. Mwanafunzi atakayekuja mbio siku mbili kabla ya kutetea, flashi yake imepotea kwenye taksi, atakukuta wewe ndiye mwenye TFC yake.